Maprofesa Wawili, Sentensi Moja

Asubuhi niliyotoka nyumbani sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimetumwa kupeleka maziwa. Nikayapeleka, nikaacha mtungi mtupu kwa jirani, kisha nikaomba lifti kwenye lori la ndizi lililokuwa limesimama kubadilisha gurudumu. Dereva aliniuliza naenda wapi. Nikamwuliza yeye anaenda wapi. Akasema Kitengela, nikasema hata mimi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la saba, na wala haikuwa kwa ujinga au kwa kukosa karo. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara, basi.

Brian, wewe na wenzako mnaobaki dukani mliniomba niwaandikie siri za kazi kabla sijasahau. Siri hazipo. Kuna mambo niliyoyaona na kosa moja kubwa nililolifanya, na hilo ndilo ninalotaka mlijue kuliko yote, maana mtaombwa kulifanya tena.

Kabla ya duka nilifanya kazi nyingi. Nilifunga maua ya waridi kwenye shamba moja upande wa Isinya. Nilishona mifuko ya suruali kiwandani, mifuko tu, na mpaka naondoka sikuwa nimeshona suruali nzima hata moja. Nilipika chai ya wajenzi wakati Kitengela ilipokuwa bado na twiga wanaopita nyuma ya nyumba. Kila kazi nikishaijua, miguu ilianza kuniwasha. Sikuwa mtu wa kukaa.

Nilifika kwa Hajji kwa sababu ya mvua. Nilijikinga kwenye baraza ya duka lake la simu, na kioo chake kilikuwa kimejaa matangazo ya kazi yaliyobandikwa na gundi. Nikaanza la juu kushoto, nikaenda nayo moja baada ya jingine. Mvua ikakatika, mimi bado nasoma. Hajji akatoka. Alikuwa mtu wa Garissa, mrefu, ndevu zake amezitia hina, na sauti yake haikupanda hata siku moja.

"Unasoma ama unajificha mvua?"

"Nasoma."

"Hiyo kazi ya uinjinia unaitaka?"

"Hapana. Nataka kujua inafanywaje."

Akanitazama. "Huko ndani kuna kompyuta nne na kijana amenitoroka. Ingia usome za ndani."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Siku ya kwanza alinifundisha kutikisa kasha la wino karatasi ikianza kutoka na mstari mweupe, na akanipa sheria moja. Aliisema akiwa ameshika karatasi ya mteja juu kama hakimu.

"Kerubo, karatasi ni yetu. Maneno ni ya mteja. Ukiona kosa, uliza. Usirekebishe."

Nilifikiri ni sheria ndogo. Nilidumu pale kuliko mahali pengine popote maishani mwangu, na nadhani ni kwa sababu kila aliyeketi mbele yangu alikuja na dunia yake. Sikuhitaji kutembea, dunia zilikuwa zinakuja zenyewe, zimebeba flashi.

Nilikosea mapema, kama kila mtu. Mwalimu mmoja alinipa cheti chake halisi cha shahada nikipige lamineti kisiloe. Nikakipiga vizuri sana, kikang'aa. Baadaye ofisi moja ikakataa kugonga muhuri juu ya plastiki, na skana nayo ikawa inapiga picha ya mwanga tu. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea cheti halisi, namwuliza mara tatu. Nanyi mwulizeni mara tatu.

Naserian aliingia siku ambayo umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Mwanamke mwembamba, mkoba wa mgongoni, vumbi jekundu mpaka magotini. Alitaka kuprinti ukurasa mmoja. Nikausoma, maana sheria ya Hajji haikukataza kusoma. Juu palikuwa na jina lake na "Dkt." mbele yake, na chini neno ambalo sikulijua.

"Samahani dada, hii postdoki ni kitu gani?"

"Ni kazi ya utafiti chuoni. Ukimaliza udaktari, chuo kinakuchukua miaka miwili mitatu, unafanya utafiti. Ukifanya vizuri, labda unapata kazi ya kudumu."

"Kwa hivyo umesoma mpaka mwisho, halafu unaomba ruhusa ya kuendelea?"

Alicheka mpaka akaweka mkoba chini. "Ni hivyo tu, Anti. Hujakosea."

"Na wewe ulisoma nini?"

"Wadudu. Wale wanaoviringisha mavi ya ng'ombe."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alinieleza jinsi wadudu wale wanavyouchukua mpira wa mavi na kuufukia ardhini, jinsi nyasi zinavyoota vizuri mahali walipofukia, na jinsi yeye alivyotaka kujua kinachowapata pale ng'ombe wanapopewa dawa za minyoo, kwa kuwa dawa nyingine hutoka na mavi. Alieleza kwa mikono. Printa ilichoka kusubiri ikazima yenyewe. Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani nikaenda naye mbugani, nikapiga magoti nikiwa na gauni la kanisa, nikamtazama mdudu mmoja akisukuma mzigo mkubwa kuliko yeye kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Sijawahi kuona kitu kinachojua kinakokwenda namna ile.

Kwao ni ng'ambo ya mji wa Kajiado. Kaka zake walimtania kila alipoenda nyumbani: "Kuna daktari wa ng'ombe, na kuna huyu wetu, wa mavi yake." Baba yake aliwatazama tu. Kitengela alikuwa amepanga chumba kimoja na kufundisha kwa vipindi katika vyuo viwili vidogo, akitafuta postdoki.

Tukaitafuta pamoja. Nawaambia namna tulivyofanya, kwa sababu wengine watakuja. Tangazo lisome mara tatu: mara ya kwanza ujue wanataka nini, mara ya pili ujue hawataki nani, mara ya tatu utafute kile walichokificha katikati. Usingoje tangazo peke yake. Mtafute mwenye maabara, soma alichoandika, mwandikie kwa jina lake kabla nafasi haijatangazwa. Kila kitu kiwe katika faili moja, na faili lipewe jina la mtu. Nimeona mtu mwenye udaktari akituma faili linaloitwa "CV mpya ya mwisho kabisa nne." Na ukutani Hajji alikubali niweke saa ya pili, iliyofuata majira ya Ulaya, kwa sababu maombi mengi hufungwa kwa saa za huko. Wateja waliuliza kama moja imeharibika. Niliwaambia moja ni ya hapa na nyingine ni ya matumaini.

Alituma maombi kumi na moja. Barua za kukataliwa zina adabu nyingi; zinakushukuru mpaka unajisikia umewafanyia hisani. Naserian alikuwa akizisoma akiwa amesimama, anazikunja, ananiuliza, "Tunaendelea na ipi?" Sikuwahi kumsikia akimlaumu mtu. Mimi ndiye niliyelaumu, kwa sauti, mpaka Hajji akaniambia nawatisha wateja wa simu.

Kisha likaja tangazo lile. Chuo kikuu cha hapahapa Kenya, chenye kituo cha utafiti upande wa Namanga, kilitaka mtafiti wa nyasi na wadudu wa malishoni. Nililisoma mara tatu nikatafuta kasoro, sikuiona, mpaka pale katikati: mwombaji asiwe amepita miaka mitano tangu apate udaktari. Naserian alikuwa anatimiza miaka mitano mwezi uleule wa kufunga maombi. Na matangazo mengi tuliyokuwa tumeyaona yalikuwa na mstari huohuo. Hakuhitaji kunieleza. Hii ikikosekana, mlango unafungwa, na wadudu wake wanabaki kuwa hadithi ya kuchekesha darasani.

Walitaka barua mbili za watu wa kumshuhudia, ambao kwenye fomu huitwa referii. Mmoja alikuwa profesa wa Nairobi aliyemtahini. Wa pili alikuwa msimamizi wake mwenyewe, mzee aliyestaafu akaenda kufuga mbuzi nje ya Bissil, na ambaye sisi tulimwita Profesa tu. Wote wawili walimjibu neno moja: "Andika, nitatia sahihi."

Msishangae. Ni desturi, na haitoki kwa roho mbaya. Profesa ana wanafunzi wengi na muda mchache, na humwona mwanafunzi kuwa anajijua zaidi. Lakini Naserian alikaa kwenye kompyuta namba tatu alasiri tatu mfululizo, na mwisho nikaona alichoandika: "Naserian ni mtu mwenye bidii. Hufika kwa wakati."

"Hii ni barua ya mlinzi wa geti," nikamwambia.

"Anti, siwezi. Kwetu mtu hajisifu. Ukijisifu, watu wanatazama chini wakingoja umalize."

"Basi sogea."

Nikachukua kibodi. Niliandika kwa raha, nakiri. Niliandika barua mbili, aya tofauti, maneno tofauti, moja kavu kidogo na moja yenye moyo. Ila kulikuwa na sentensi moja niliyoipenda mno, nikashindwa kuinyima barua yoyote kati ya zile mbili: "Sijapata kumwona mtafiti anayeweza kupiga magoti juani mbele ya kinyesi kimoja tangu asubuhi hadi jioni, kisha akasimama akiwa na furaha." Naserian alizisoma huku anatazama chini. Akasema sawa. Profesa wa Nairobi akatia sahihi na kurudisha kwa barua pepe. Kwa Profesa alikwenda mwenyewe, wakakutana Kajiado siku ya soko, akatia sahihi juu ya boneti ya gari la mtu bila kusoma, kwa sababu miwani aliisahau nyumbani.

Simu ilikuja Jumanne. Naserian alikuwa dukani, akagusa kitufe cha spika bila kukusudia. Aliyepiga alikuwa mama mmoja, katibu wa kamati ya kuajiri ya chuo kile, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Dokta, niko na barua zako mbili hapa. Maprofesa wawili, sentensi moja. Ile ya kinyesi."

 Brian, wewe uliacha kutafuna.

"Kazi yako wameipenda, ndiyo maana nakupigia badala ya kukunyamazia. Kila referii aandike mwenyewe, atume mwenyewe kutoka kwa anwani yake. Mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo wanaendelea na wengine."

Simu ikakatika. "Ni mimi," nikasema. "Ni mimi nimekuharibia."

"Niliisoma nikakubali," akasema Naserian. "Ni sisi."

Hajji alikuwa amesikia yote kutoka upande wa simu. Hakunikumbusha sheria yake. Angenikumbusha ningeumia kidogo zaidi, lakini ningeshukuru.

Profesa wa Nairobi aliandika jioni ileile, barua fupi na ya haki. Wa Bissil simu yake haikupatikana, na haikuwa ajabu, kwa sababu shambani kwake hakuna mtandao. Naserian alikuwa msimamizi wa mitihani Jumatano na Alhamisi katika vyuo vyote viwili, na mwalimu wa vipindi akikosa mtihani, hana pa kurudi. Nikasema nitaenda mimi.

"Unajua anakoishi?" akauliza Hajji, akinifungia laptopu yake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Bissil."

"Bissil ni kubwa."

"Nitauliza."

"Basi nenda mapema."

Jumatano alfajiri nilivaa viatu vya kanisani, kwa sababu nilikuwa naenda kumwona profesa, na hilo lilikuwa kosa la pili. Isinya ikapita, Kajiado ikapita, nikashuka Bissil nikaingia duka la dawa za mifugo, kwa maana mtu mwenye mbuzi lazima atajulikana pale. Muuzaji aliuliza, "Yule mzee wa mbuzi na vitabu?" Bodaboda alinifikisha mahali barabara ilipomezwa na mto mkavu, akasema pikipiki yake haina deni na mchanga. Nikatembea. Kisigino cha kushoto kilivunjika katikati ya mchanga ule. Mama mmoja mwenye punda wa maji alinisalimu, "Takwenya," nikajibu, "Iko," na hapo Kimaasai changu kikawa kimekwisha. Akatazama viatu vyangu, akacheka kwa huruma, akanionyesha mti mmoja kwa kidevu.

Chini ya mti ule Profesa alikuwa amevaa gambuti, ameinamia mguu wa mbuzi.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi niliyeandika barua uliyotia sahihi."

Aliuachilia mguu wa mbuzi taratibu. Nilimweleza yote, sikujificha. Alinisikiliza, akaingia ndani kuvaa miwani, akaniomba nimsomee barua hata hivyo, kwa sauti. Nikasoma. Nilipofika kwenye kinyesi akatabasamu.

"Ni barua nzuri sana," akasema. "Huyu mtu simjui."

Alivua miwani, akaketi. Kisha akasema aliona haya, si kwa ajili ya kamati bali kwa ajili ya Naserian. Kwamba amesomesha watu miaka mingi na yule ndiye aliyemfundisha yeye kitu, na alipoombwa aseme hivyo alimwambia aandike mwenyewe. Akatoa daftari kutoka chini ya rundo la magazeti, lenye jalada la kijani lililofifia. Lilikuwa la Naserian, la wakati wa utafiti wake. Akanihadithia.

Naserian alikuwa amelinganisha maboma mawili. Ng'ombe wa boma moja walipewa dawa, wa boma la pili hawakupewa. Alikusanya takwimu msimu mzima wa kiangazi, kazi ikaandikwa, Profesa akaikubali, ikabaki kufungwa jalada. Ndipo asubuhi moja, akiwa amekaa na mke wa mwenye boma la pili wakati wa kukamua, mama yule akasema tu, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba ng'ombe watatu wale wa kijivu walitoka kule kwa shemeji yake, kwa sababu ya maji. Kule kwa shemeji ndilo lile boma la kwanza, ambako ng'ombe walipewa dawa. Walikuwa wamechanganyika tangu mwanzo wa kiangazi. Mzee hakuficha, hakuna aliyemwuliza. Na Naserian hakumwuliza kwa sababu yeye ni binti wa wafugaji, alilelewa akijua kwamba mtu wa umri wake hamhoji mzee wa rika la baba yake juu ya ng'ombe wake, wangapi, wametoka wapi. Mtafiti mgeni angeuliza bila kujua ni utovu wa adabu. Yeye alijua, akanyamaza kwa heshima, na heshima ikamharibia msimu.

"Hakuna mtu duniani angegundua," akasema Profesa. "Mimi nilikuwa nimeshaipitisha. Alitembea mpaka ofisini kwangu, akaweka daftari hili mezani, akasema, 'Kazi yangu si kweli.' Akarudi, akaanza upya kiangazi kilichofuata."

Naserian hakuwa amenidokeza hata neno moja la hayo.

Nikafungua laptopu. Alisema, mimi nikapiga chapa. Alisema polepole, kwa Kiingereza cha zamani kilichonyooka. Alipofika pale, akasema niandike kwamba kosa lilikuwa la Naserian na kwamba aliligundua mwenyewe. Mikono yangu ikasimama.

"Profesa, hii itamwangusha."

"Andika."

"Wanatafuta mtafiti. Tunawaambia alikosea utafiti?"

"Wewe unawaogopa kwa nini? Wakimkataa kwa sababu hii, hapo si mahali pake."

Nilifikiri moyoni kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mbuzi na umeshastaafu. Yeye hakuwa na mstari wa miaka mitano. Ningeweza kuilainisha sentensi ile na asigundue. Hata kwa miwani macho yake yalikuwa mabovu, na mikono yangu ina kasi. Nilitaka kufanya hivyo. Nusura nifanye. Kisha nikakumbuka nilivyofika kwenye mchanga ule na kilichonifikisha. Maneno ni ya mteja. Nikaandika kama alivyosema, nikamsomea neno kwa neno, akatikisa kichwa kukubali.

Tulikwenda kwa pikapu yake mpaka barabara kuu kutafuta mtandao. Nenosiri la barua pepe yake lilikuwa limeandikwa ndani ya kasha la dawa ya kupe. Tulituma jua likiwa bado juu, na jioni nilikuwa nimerudi Kitengela na kisigino mkononi.

Alhamisi Naserian alikuja kutoka kwa mitihani.

"Ameandika nini?"

"Siwezi kukuambia. Ni barua yake."

"Lakini ni nzuri?"

"Ni ya kweli."

Alinitazama. Nikachomoa kasha la wino ambalo halikuwa na shida yoyote nikaanza kulitikisa.

"Ameandika ya ng'ombe wa kijivu," akasema.

Nikaendelea kutikisa. Alitoka nje akasimama kwenye baraza, mgongo umetugeukia, mbele ya matangazo yote yale. Nilidhani amekwenda. Zaidi ya miaka mitano alikuwa ameificha aibu ile, na mimi nimeipeleka kwa kamati ya watu watano asiowajua. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu kidogo, lakini sauti ilikuwa ileile ya siku za barua za kukataliwa.

"Basi wataniuliza. Acha nijiandae kujibu."

Kamati ikamwita, na usaili aliufanyia dukani, kwenye kona, kwa kompyuta, nyuma ya pazia ambalo Hajji alilitundika mwenyewe. Alizima muziki wa duka na kumwambia kila mteja aongee kama yuko msikitini. Nilisikia vizuri upande mmoja tu wa mazungumzo. Salamu, machapisho, kisha kimya, kisha Naserian akisema, "Ndiyo. Lilikuwa kosa langu." Nikashika meza.

"Nilimheshimu mzee nikashindwa kumwuliza," akaendelea. "Ningemwuliza vibaya, angenipa idadi ya kunifurahisha, na ingekuwa uongo pia. Kwa hivyo nilijifunza njia nyingine. Sasa naanza na mama wa boma, wakati wa kukamua, kwa sababu kila ng'ombe ana jina na yeye ndiye anayejua amekuja lini na kwa nini. Kisha narudi kwa mzee, namwuliza habari za ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, si kwa hesabu. Anafurahi. Ananisahihisha mpaka jioni."

Nikasikia kicheko kwenye spika. Halafu swali, halafu swali jingine, na yote yalikuwa ya hilo: angefanyaje Namanga, kwa maboma yaliyo pande zote mbili za mpaka, angerekodi vipi majina. Walimaliza muda wao wakaomba dakika nyingine. Machapisho yake hawakuyarudia tena.

Barua ilikuja Jumatatu ya wiki iliyofuata. Haikuanza kwa kumshukuru, na kwa hilo tukajua. Brian, wewe uliiprinti nakala mbili na Hajji akaomba ya tatu, akaibandika kwenye kioo kati ya matangazo, mahali pa juu kushoto. Iko pale mpaka leo. Msiitoe hata ikififia.

Baada ya hapo niliendelea mwaka mmoja na ushee. Walikuja wengine, na wengine walipata, na wengi hawakupata. Wote niliwaambia hivi: ukimkuta profesa anakwambia uandike mwenyewe, usibishane naye kwa simu. Nenda umkumbushe alichokiona. Kuna jambo moja kukuhusu ambalo usingethubutu kulitunga, na yeye ndiye aliye nalo.

Mwezi uliopita mkanikatia keki ya kuniaga. Asubuhi iliyofuata niliamka mapema kama kawaida, nikakumbuka sina pa kwenda, na miguu ikaanza kuwasha. Nikavaa viatu vya kanisani, fundi amekwisha kukitia kisigino kipya, nikaenda barabarani. Gari la kwanza lilikuwa la Namanga.

Kituo cha utafiti kiko kabla ya mji, nyumba za mabati ya kijani zilizopangwa kuuzunguka uwanja wa vumbi. Sikuwa nimemwarifu Naserian. Karani wa mapokezi, kijana mwenye shanga mkononi, alisema vyumba vipo, lakini lazima nijaze fomu. Jina, nikaandika Kerubo. Chuo unachotoka, hakuna. Kiwango cha elimu, darasa la saba. Mada ya utafiti, bado sijui. Chini kulikuwa na kisanduku kikubwa: maelezo ya referii.

Karani akaisoma, akakuna kichwa. "Mama, hapa lazima mtu akushuhudie. Lakini si ngumu. Andika tu mwenyewe, Dokta atatia sahihi akirudi."

"Akirudi nani?"

"Ashafika," ikasema sauti mlangoni. Vumbi jekundu lilikuwa mpaka magotini. Alisimama akanitazama, akatazama fomu, akacheka kile kicheko cha siku ya kwanza, kisha akamnyang'anya karani kalamu.

"Hii naandika mimi."

Aliandika muda mrefu, ameinama, hadi kisanduku kikajaa akageuza karatasi. Nilinyoosha shingo nisome, tabia ni tabia. Akafunika kwa kiganja.

"Anti, hii haisomwi na mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akampa karani. Kijana akasoma mbele, akasoma nyuma, akanyanyua macho, akayashusha polepole mpaka kwenye viatu vyangu. Kisha akainuka, akachukua begi langu na ufunguo.

Mlango ulikuwa umeandikwa MTAFITI MGENI. Ndani kulikuwa na kitanda, neti, meza, kopo lenye matundu ambalo kitu fulani kilikuwa kikisukuma mzigo ndani yake, na dirisha lililotazama barabara. Nikafunga pazia, nikavua viatu.